Kabla ya kuitisha puto la moyo, jua limetengenezwa kwa nini

Ukianza kazi kwenye chumba cha katheta, ambako mishipa ya moyo iliyoziba hutanuliwa kwa puto, utazoea haraka kuitisha puto kwa vipimo vya kipenyo na urefu kwa milimita: "Nipe 3.0 kwa 15." Vipimo pekee havitoshi. Plastiki ya puto ndiyo inayoamua presha yako itasukuma kidonda, yaani sehemu iliyoziba, au itapasua sehemu ya mshipa yenye afya iliyo kando yake.

Hatua ya 1: Soma kidonda. Mpe mgonjwa nitrogliserini ndani ya mshipa kwanza kama presha yake inaruhusu, maana mshipa uliojibana utaupima mdogo kuliko ulivyo. Kisha tazama skrini kabla hujaingiza dawa ya kuonyesha mishipa. Ukiona mistari miwili sambamba ikicheza na mapigo ya moyo, hiyo ni chokaa iliyo kwenye ukuta wa mshipa.

Hatua ya 2: Chagua aina. Daktari Andreas Grüntzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza, Zürich, Septemba 1977, alitumia puto la plastiki ya PVC. Leo utakutana zaidi na plastiki za nailoni, Pebax na PET.

Puto laini la nailoni au Pebax hupenya kona na hujikunja vizuri likishushwa. Ndilo la kufungulia njia. Tabia yake ni kwamba huendelea kunenepa: la milimita 3.0 kwa presha ya atmosfia 8 linaweza kukaribia 3.3 kwa atmosfia 16. PET, plastiki ile ile ya chupa za maji, ina ukuta mwembamba wenye nguvu na karibu haitanuki zaidi ya kipimo chake. Lakini ni ngumu, hubaki na mabawa baada ya kujazwa, na chokaa kali huweza kuitoboa tundu dogo. Siku hizi yapo pia maputo magumu ya nailoni, kwa hiyo jina la plastiki lisikutoshe. Soma kadi iliyomo kwenye pakiti, inayoonyesha kipenyo kwa kila presha.

Hatua ya 3: Jaza polepole, ukitazama kiuno. Toa hewa yote, jaza mchanganyiko nusu kwa nusu wa dawa ya picha na maji ya chumvi, kisha pandisha presha kidogo kidogo.

Hapa ndipo plastiki inapojionyesha. Puto laini likikutana na chokaa hubanwa kiuno katikati huku ncha zikifura. Ukiongeza presha, nguvu inakimbilia kwenye ncha, palipo na ukuta usio na ugonjwa, na hapo ndipo mshipa unapochanika. Simama. Lishushe, ingiza puto gumu lenye kipenyo sawa na mshipa au pungufu kidogo. Kiuno kikigoma hata karibu na presha ya kikomo, usiweke stenti (kibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wazi) hapo: stenti isiyofunguka hukaribisha damu kuganda. Tumia puto lenye vyembe, kekee ya almasi au mawimbi ya mshtuko.

Hatua ya 4: Baada ya stenti. Puto linalobeba stenti kwa kawaida ni la aina laini, hivyo malizia kwa gumu, fupi kuliko stenti, lisitokeze nje ya kingo. Ukishalitoa, piga picha za pembe mbili na ukague kingo zote mbili kabla hujachomoa waya ulioongoza puto.