Kabla karatasi ya jaribio haijachapwa

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 mwenye akili kali, asiyesumbuliwa na hesabu, ila kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni endapo masomo yangekuwa ya mdomo tu. Leo hali hiyo huitwa disleksia, na wenye nayo wamo madarasani mwetu. Jaribio la sayansi mara nyingi huwapima kusoma, sayansi yenyewe ikabaki kichwani.

Kwa hiyo kabla hujaandika swali lolote, amua linapima nini. Kama lengo ni kuona jinsi mwanafunzi anavyosoma mwenyewe, ukimsomea kifungu umekiharibu kipimo. Kama ni mzunguko wa damu, kumsomea swali hakumpi jibu hata moja. Walimu hubishana kuhusu upendeleo bila kutenganisha mambo haya mawili, ndiyo maana ubishi hauishi.

Kisha yapitie maswali yako kana kwamba unasoma neno moja moja kwa taabu. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. "Lipi si miongoni mwa mambo yasiyosababisha mmomonyoko wa udongo?" ni swali linalopima subira. Andika tu: "Lipi husababisha mmomonyoko wa udongo?" Ikibidi kukanusha, neno SI liwe kwa herufi kubwa na nzito. Swali lenye kazi tatu ndani ya sentensi moja ligawe kuwa (a), (b) na (c), maana anayepambana na maneno husahau kazi ya tatu kabla hajaifikia. Kuoanisha vipengele 12 na vingine 12 humlazimu kuirudia safu nzima mara kadhaa. Fanya mafungu mawili ya sita, na fungu lisivuke ukurasa. Hesabu za mafumbo zipunguzie hadithi isiyo na kazi. Msamiati wa somo, hata hivyo, usiuguse. "Usanisinuru" ni neno analopaswa kulijua. Maneno ya mapambo unayolizungushia ndiyo ya kufuta.

Umbo la karatasi halina maneno mengi: herufi zisizo na vikia, kama Arial, ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya mstari mmoja na nusu, na pengo la jibu chini ya swali lake. Nakala iliyofifia humtesa hata msomaji hodari.

Muda wa ziada, ambao mara nyingi huwa robo au nusu ya muda wa kawaida, uujaribu na mwanafunzi mwenye disleksia kwenye mazoezi. Akikutana nao mara ya kwanza siku ya jaribio, atakaa tu akitazama saa. Ni vivyo hivyo kwa msomaji, yaani mtu anayemsomea maswali: wafanye zoezi fupi pamoja, mwanafunzi azoee kusema "rudia swali la nne" bila aibu. Msomaji naye asome kilichoandikwa, basi. Asifafanue, na sauti isimpande akifika kwenye jibu sahihi. (Hata mimi nimewahi kujikamata nikifanya hivyo.) Mipango hii izungumzeni faraghani. Wapo watakaokubali kufeli kuliko kutajwa mbele ya wenzao.

Wiki moja kabla, darasa zima lifundishe maneno ya maagizo: taja, eleza, linganisha, bainisha. Anayeandika kwa shida akieleza pale alipotakiwa kutaja, muda umemwishia kwenye swali la pili.

Limebaki la kusahihisha, nalo huamuliwa mapema. Katika jaribio la biolojia, "klorofili" iliyoandikwa "kolofiri" inapata alama au haipati? Liandike jibu lako kwenye mwongozo sasa hivi, kabla hujaona jina la mwanafunzi juu ya karatasi.