Makumbusho katika nyumba ya mawe: jinsi ya kumfikisha mgeni mwenye ulemavu hadi kwenye vioneshwa

Makumbusho mengi ya pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, yamo ndani ya majengo ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa. Majengo hayo yanalindwa, na ulinzi huo hugeuzwa kisingizio: ukuta haubomolewi, mlango haupanuliwi, basi mwenye kiti mwendo abaki barazani. Haifai kukubaliwa. Karibu kila kinachohitajika kinaweza kusimama chenyewe bila kuushika ukuta, na kuondolewa siku yoyote bila kuacha alama.

Anza na futi kamba. Fuata njia yote ya mgeni, tangu anaposhuka kwenye gari au boti hadi kwenye tiketi, vyumba, choo na kutoka. Mlangoni panatakiwa uwazi wa sm 80, njiani sm 90, na mahali pa kugeuza kiti duara la sm 150. Andika vipimo, usikadirie kwa macho. Mlango wa kuchonga wenye mfaa, yaani mti wa wima wa katikati zinapokutana mbao mbili za mlango, ukifunguliwa upande mmoja tu, mara nyingi haufiki sm 80. Ufunguliwe pande zote mbili muda wote wa kazi, si mpaka mgeni aombe. Vyumba navyo ni vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kabati la vioo likiwekwa katikati ya chumba kama hicho linaziba njia kushoto na kulia. Lisogezwe hadi ukutani, na njia inapatikana bila gharama yoyote.

Kizingiti

Hapa ndipo ziara nyingi zinapokwama. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sm 20 kinadai mteremko wa mita 2.4. Na kizingiti kina pande mbili. Wengi hushughulikia upande wa nje, mgeni anapanda vizuri, halafu anakuta kushuka kwa ghafla ndani.

Mteremko wa mbao unatosha. Fremu iwe ya mbao za inchi 2 kwa 4 zilizotiwa dawa ya mchwa, zipangwe kila baada ya sm 40, na juu yake plaiwudi ya mm 18. Upana uwe sm 120, usipungue 90. Pigilia kingo za sm 5 pembeni ili gurudumu lisitoke nje. Kiti cha umeme pamoja na mwenyewe huweza kupita kilo 200, hivyo kabla ya kuutumia wasimamishe watu wazima wanne katikati. Ukinesa, ongeza mbao chini. Utelezi unazuiwa kwa kunyunyiza mchanga uliochekechwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi, kisha kupaka mkono wa pili. Mchanga uwe wa mtoni: wa baharini una chumvi, unavuta unyevu na kuozesha misumari. Acha pengo la sm 2 kati ya mbao na ukuta. Usimwage zege la saruji likashikana na ukuta wa chokaa, maana saruji inafungia unyevu ndani na plasta ya zamani itaanza kumomonyoka.

Uchochoro ukiwa mwembamba mno, tumia mteremko wa kukunja unaotolewa na mlinzi, na uweke kengele kwenye kimo cha sm 90 hadi 100 ambacho aliyekaa anaifikia. Au tumia mlango wa nyuma, ilimradi uwe na kibao kinachouonesha na ufunguo usiwe mfukoni mwa mtu aliyekwenda sokoni.

Kuona na kusoma

Aliyekaa kwenye kiti anatazama kutoka kimo cha sm 110 hadi 125. Kitu kilicholazwa juu ya meza ya sm 100 yeye hukiona ukingo tu. Meza iwe sm 80, na chini yake pawe na nafasi ya magoti ya sm 70. Maelezo yaandikwe kwa herufi za pointi 18 au zaidi, nyeusi juu ya rangi ya maziwa, karatasi isiyong'aa, bila picha nyuma ya maneno. Kutia karatasi kwenye plastiki inayong'aa ni kosa la kila siku: taa ikiipiga, mwenye uoni hafifu haoni chochote. Nguo na karatasi za kale hazipaswi kupata mwanga wa zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kwa hiyo elekeza taa ndogo kwenye maelezo peke yake. Macho yaliyotoka kwenye jua la pwani huchukua dakika kadhaa kuzoea giza hilo, na baraza ya ukumbini ndiyo mahali pa kumpumzisha mgeni.

Kugusa

Mgeni asiyeona akiambiwa tu "hapa kuna kinu cha zamani" amepewa uvumi. Tenga meza ya kugusa ya kimo cha sm 75 yenye ukingo ili vitu visianguke: kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, chungu, mkeka, kipande cha ubao uliochongwa. Chagua vitu vyenye nakala nyingi. Visivyogusika, kama siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa ya watawala wa zamani, mpe seremala achonge mfano wa mti wa ukubwa uleule. Mfano mdogo unapotosha. Shaba isishikwe mikono mitupu, jasho huila, na pete zivuliwe kwanza. Mwongozaji asiukamate mkono wa mgeni na kuuburuta. Aweke wake chini ya ule wa mgeni, ampeleke hadi kwenye kitu, kisha auondoe na kumwacha achunguze mwenyewe bila haraka.

Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, zikaguliwe na mtu anayezisoma kabla ya kulipia kazi, kwani kuna wachapaji wanaozichapa kwa wino, bapa kabisa. Ziwekwe kwenye ubao ulioinama, kimo cha sm 90 hivi; ukutani juu kifundo cha mkono kinachoka. Wengi wasioona hawasomi nukta nundu, kwa hiyo rekodi pia sauti, dakika moja au mbili kwa kila kitu, ukianza na umbo na ukubwa kabla ya historia, na uzitume kwa WhatsApp kabla ya ziara.

Kwa viziwi, video ya lugha ya alama ioneshwe na kiziwi mwenyewe. Lugha ya Alama ya Tanzania si ile ya Kenya, hivyo usiazime video ya jirani. Maandishi peke yake hayatoshi, kwa kuwa kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili. Mwongozaji anyamaze wageni wanapotazama kitu: hakuna anayeweza kuangalia chungu na mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja.

Choo kiwe na mlango unaofunguka nje, kiti cha kimo cha sm 45 hadi 48, nafasi ya sm 90 ubavuni na maji yanayofikika ukiwa umekaa. Na kisigeuzwe stoo ya ndoo na mafagio.

Ghorofani bila lifti, usimbebe mtu mgongoni. Shusha vioneshwa vikuu chini, au ubadilishe vyumba.

Kabla ya kutangaza, alika watu wenye ulemavu wakague, na walipwe kama wakaguzi wengine. SHIVYAWATA kwa Tanzania Bara na SHIJUWAZA kwa Zanzibar ni mashirikisho ya vyama vyao. Kisha andika mtandaoni na kwenye tangazo la mlangoni yaliyopo na yasiyopo, pamoja na vipimo: "Ghorofa ya pili inafikiwa kwa ngazi 22 tu." Mgeni ataamua mwenyewe kabla hajalipa nauli.