Kutoka kuuza tisheti mtandaoni hadi kufungua duka Kampala

Anayeuza tisheti kupitia WhatsApp au TikTok hupokea pesa kwanza, ndipo anachapa. Dukani mambo hugeuka: pango hulipwa kwanza, mara nyingi la miezi mitatu kwa mkupuo, na mteja huja baadaye. Kwa hiyo kabla hujamwita wakala, geuza gharama zote za mwezi ziwe idadi ya tisheti.

Tuseme tisheti tupu ya pamba inakugharimu shilingi 13,000, chapa 5,000, mfuko na zile zinazoharibika 2,000. Ukiuza kwa 30,000, inabaki 10,000. Pango likiwa 800,000, msaidizi 400,000, na umeme, mlinzi na usafi 200,000, jumla ni 1,400,000. Hizo ni tisheti 140 kwa mwezi, yaani tano hadi sita kila siku ya kazi, na bado hujajilipa wewe mwenyewe. Weka bei zako halisi kwenye hesabu hiyo. Ikiwa mtandaoni unauza 90, jiulize hizo 50 za ziada atazinunua nani. Na usichukue mauzo ya Desemba kuwa kipimo. Januari wazazi wanatafuta karo, na duka lililofunguliwa kwa matumaini ya Krismasi huanza kudaiwa pango kabla ya Pasaka. Ni afadhali kufungua Machi au Aprili, vikundi vya mahujaji vinapoanza kuagiza tisheti za kwendea Namugongo tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda.

Kwa mwenye wateja wa mtandaoni tayari, chumba cha ghorofa ya kwanza au ya pili ndani ya jengo la maduka kinatosha. Wateja wako watakuja kwa maelekezo, na pango huko juu ni nafuu kuliko chini barabarani. Kuwa karibu na Nasser Road, mtaa wa wachapaji, ni faida kubwa: filamu (plastiki yenye mchoro unaobandikwa kwenye tisheti kwa joto) na skrini (fremu ya wavu ya kuchapia) hutazisubiri siku nzima. Kabla ya kulipa, uliza jengo hufungwa saa ngapi jioni, na kama chumba kina mita yake ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kuchangia mita na saluni ya jirani ni ugomvi wa kila mwezi. Mpangaji anayeondoka akidai pesa ya kukuachia chumba, usimpe kitu kabla hujaonana na mwenye jengo. Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka hivyo thamani ya mkataba ikifika shilingi 500,000, na inazuia kupandisha pango zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Jina la biashara lisajili URSB (ofisi ya usajili wa biashara), TIN, yaani nambari ya mlipa kodi, ichukue URA (mamlaka ya mapato), na leseni KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala), au manispaa yako kama uko nje ya Kampala.

Sasa kosa linalokula mtaji: kujaza rafu tisheti zilizochapwa tayari. Mchoro usiopendwa hauuziki hata kwa nusu bei, lakini tisheti tupu itapata mteja wiki ijayo. Anza na 72: nyeusi, nyeupe na bluu nzito, 24 kila rangi, zikigawanywa S 4, M 8, L 8 na XL 4. Chagua kitambaa cha gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba. Kikiwa chepesi zaidi ya hapo, nyeupe huonyesha mwili.

Kwa kubandika chapa, mashine ya joto ya sentimita 38 kwa 38 inatosha. Yenye wati 1,800 huvuta karibu ampea 7.5, kwa hiyo ichomeke moja kwa moja ukutani, kwenye soketi ambayo haishiriki na pasi wala birika. Ekstensheni nyembamba huyeyuka. Printa ya DTF, ile inayochapa filamu hizo, isubiri: wino wake mweupe hutuama na kuziba kichwa cha printa usipochapa karibu kila siku. Agiza filamu kwa mita, ujaze michoro midogo kwenye nafasi zinazobaki.

Kubandika filamu kwenye pamba: bana tisheti tupu sekunde 5 kutoa unyevu, hasa miezi ya mvua. Weka filamu, bana kwa nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15. Kama ni filamu ya kubandua ikiwa baridi, subiri ipoe kabisa ndipo uibandue. Kisha funika kwa karatasi ya kuokea, ubane tena sekunde 5 hadi 10. Kingo zikiinuka baada ya kufuliwa, mara nyingi kola au mshono ulikuwa chini ya bamba na kuzuia mgandamizo. Weka mto mdogo ndani ya tisheti. Umeme ukikatika katikati, fungua mashine, na ukirudi subiri joto lifike kabla ya kubana upya kwa muda wote. Jezi za poliesta zipe nyuzi 130 hadi 140 na filamu inayokubali joto hilo, maana joto kali hutoa rangi ya kitambaa na kuchafua chapa nyeupe. Ile chapa ya sabulimesheni, ambayo wino wake hugeuka mvuke na kuingia kwenye kitambaa, ni ya poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu. Kwenye pamba itapauka ukifua mara moja.

Mteja wa dukani atashika kitambaa na kuuliza, “Haichuji?” Mwonyeshe jibu: tundika tisheti mbili zenye mchoro mmoja, moja mpya na nyingine iliyofuliwa mara 20, idadi ikiwa imeandikwa. Tundika pia tisheti tupu ya kila saizi ili watu wajipime. Hilo ndilo jambo ambalo simu haikuweza kumfanyia.

Oda za vikundi ziandike kwenye daftari lenye nambari, pokea nusu ya pesa, na mteja atie sahihi kwenye mchoro wa mwisho baada ya kusoma majina herufi kwa herufi. Jina la marehemu au la bibi harusi likikosewa, hakuna punguzo litakaloponya.

Oda ya kitambaa cha madoadoa ya kijeshi au bereti nyekundu ikatae, hata kama bei ni nzuri. Tangu 2019 mavazi hayo yametangazwa rasmi kuwa ya jeshi, na raia hushtakiwa kwa kuyavaa, kuyauza au kuwa nayo. Mfundishe msaidizi wako jambo hilo siku ya kwanza, kwa sababu oda ya namna hiyo inaweza kuja ukiwa umetoka kufuata filamu.