Namna ya Kusoma Istilahi za Haki za Ardhi ya Pamoja katika Hati za Uingereza

Anayekutana na neno komoni katika hati ya ardhi ya Uingereza hujikwaa mapema, kwa sababu hudhani kuwa ni ardhi ya watu wote au isiyo na mwenyewe. Sivyo. Komoni huwa na mwenyewe, awe mrithi wa kabaila wa zamani, halmashauri au taasisi, na mwenye haki ya komoni ni jirani ambaye sheria inamruhusu kuchukua kitu maalumu katika ardhi isiyo yake. Kwa hiyo, kabla ya lolote, uliza udongo ni wa nani, na nani anachukua nini.

Kisha tafuta jina la haki yenyewe, maana kila jina lina mipaka yake. Haki ya malisho humruhusu mtu kupeleka mifugo, lakini nyasi sharti zichukuliwe kwa mdomo wa mnyama. Ukizifyeka na kuzibeba nyumbani, umetoka nje ya haki hiyo. Estova ni haki ya kuokota kuni au kukata matawi kwa ajili ya moto, ukarabati wa nyumba au uzio, wala si kwa ajili ya kuuza. Tabari ni kukata mabonge ya udongo wenye mizizi, yanayokaushwa na kuchomwa kama kuni, na kwa kuwa lazima yachomwe nyumbani, haki hii hufuata nyumba, si shamba tupu. Piskari ni uvuvi.

Paneji, yaani haki ya kupeleka nguruwe msituni kujilisha, inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa bado inaonekana kwa macho. Hati ya Misitu ya mwaka 1217 iliitaja, na hadi leo, katika msitu wa New Forest, nguruwe huachiliwa kila msimu wa vuli kwa muda usiopungua siku 60, wakila mbegu za mwaloni zilizoanguka. Mbegu hizo zikiwa mbichi ni sumu kwa farasi na ng'ombe wanaolisha humo, hivyo nguruwe wa mtu mmoja hulinda mifugo ya wenzake.

Baada ya hapo, angalia haki imefungamana na nini. Nyingi hufuata shamba au nyumba, na anayenunua shamba huinunua na haki yake. Nyingine ni za mtu binafsi. Hizi huelezwa katika hati kwa maneno “in gross”, ambayo kamusi ingeyatafsiri kuwa “kwa jumla”, na tafsiri hiyo imewapotosha wengi, kwani hapo hakuna suala la wingi.

Wingi hutajwa kwingine, katika kanuni ya mifugo “inayoinuka na kulala” shambani, msemo uliotoka katika Kifaransa cha kale cha mahakamani. Maana yake ni kwamba unaweza kupeleka komoni idadi ile tu ya wanyama ambayo shamba lako lingeweza kuilisha wakati wa baridi.

Mwisho, usiiamini hati ya zamani peke yake. Sheria ya mwaka 1965 ilitaka haki hizi ziandikishwe, na mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa tarehe 2 Januari 1970. Isipokuwa maeneo machache yaliyoachwa nje, ikiwemo New Forest, haki isiyoandikishwa ilikoma kutumika hata kama ukoo uliitumia kwa karne kadhaa. Omba kuona daftari la komoni katika halmashauri ya eneo husika, ulinganishe jina la haki, shamba na idadi ya mifugo na yale uliyoyasoma katika hati.