SOMO: Miguu ikae wapi kwenye kruza (kati, mbele au kwenye mabamba)

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "Nimenunua kruza (pikipiki ya siti ya chini), mgongo unauma, nifunge vikanyagio (vya kuwekea miguu) vya mbele?" Naliandika jibu mara moja hapa, anayeuliza tena aelekezwe huku.

Mikao ni mitatu. Wa kati, kikanyagio kiko chini ya goti au mbele yake kidogo, kama Honda Rebel 500 na Harley Iron 883. Wa mbele, mguu umenyooka kuelekea gurudumu la mbele, kama Harley Forty-Eight. Wa tatu ni mabamba mapana yanayobeba unyayo mzima, utayakuta kwenye pikipiki kubwa za safari.

Miguu ikienda mbele haibebi tena uzito. Kiwiliwili chote kinakalia mfupa wa mkia, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Ukikutana na tuta lisilo na alama huwezi kuinuka kwenye siti. Ukivuka kilomita 100 kwa saa, upepo unasukuma nyayo na unajikuta unaning'inia kwenye usukani. Kwa hiyo mwenye mgongo mbovu akihamia mbele mara nyingi anaongeza maumivu. Anayefaidika ni mwenye magoti au nyonga zinazokaza, au mtu mrefu ambaye magoti yake yamepanda juu ya tenki. Kupima na kufunga, fuata hatua hizi.

1. Vaa buti unazoendeshea. Kandambili zitakudanganya kipimo.

2. Mtu aishike pikipiki isimame wima. Usipime ikiwa imeegemea stendi ya pembeni.

3. Kaa nyuma kabisa ya siti, shika usukani, kisha panga kreti za soda au matofali pande zote mbili na uyasogeze mpaka miguu itulie. Kwa mkao wa kati, pembe ya nyuma ya goti iwe nyuzi 100 hadi 120. Chini ya 90 litalalamika kabla hujamaliza lita tano za mafuta. Kwa mkao wa mbele, goti libaki limekunjika kidogo, maana mguu ulionyooka kabisa hauna nguvu ya kukanyaga breki. Kaa hivyo dakika 20. Dakika mbili hazisemi kitu, nyonga huanza kusema baadaye.

4. Ukiwa hapo, jifanye unakanyaga breki kwa nguvu. Kama makalio yanateleza nyuma au mikono inavuta usukani, umekwenda mbele mno. Rudisha sentimita tano, jaribu tena.

5. Nunua seti ya vikanyagio na pedali ya modeli yako na mwaka wake. Angalia nafasi ya ekzosi na ya stendi ya pembeni.

6. Safisha nyuzi za bolti, tia gundi ya nati ya buluu, kaza kwa kipimo cha kitabu. Nyekundu usiiguse, haifunguki bila moto.

7. Fimbo ya gia (inayounganisha pedali ya gia na mkono ulio kwenye shafti ya gia). Kabla ya kuchomoa mkono wa gia kwenye shafti, weka alama ya rangi kwenye meno. Gia ikiwa nyutro, fimbo na mkono vikutane karibu na nyuzi 90. Ikienda mshazari sana, safari ya mkono inapungua upande mmoja na gia haziingii vizuri.

8. Breki ya nyuma. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, soma taratibu. Seti nyingine huhamisha masta silinda (pampu ya breki) mbele na kuhitaji hozi ndefu, nyingine huiacha mahali pake na kurefusha fimbo inayoisukuma. Kwa vyovyote, pedali ikiwa imeachiliwa, fimbo lazima ichezeke kidogo, kama milimita 1, kabla ya kugusa pistoni ya masta silinda. Fundi akiikaza mpaka mchezo uishe ili pedali "iwe ngumu vizuri", pistoni hairudi mpaka mwisho na kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye chombo kinabaki kimezibwa. Gereji hutaona kosa. Ukishatembea, padi zinagusa diski, mafuta ya breki yanapata moto na kutanuka, hayana pa kwenda, yanazidi kubana padi, moto unaongezeka. Mwisho gurudumu la nyuma linajifunga lenyewe barabarani.

Kwa hiyo: inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono, kanyaga pedali mara kumi, lizungushe tena. Lazima liwe jepesi vilevile. Kisha tembea kilomita tano kwa breki ya mbele tu, simama, sogeza kiganja karibu na diski ya nyuma bila kuigusa. Ikifukuta, usiendelee, fungua mchezo wa fimbo. Kama umefungua hozi, toa hewa yote, na tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo. Mafuta ya breki ya DOT 5 ni silikoni, hayachanganywi na ya DOT 4. Kwa breki za dramu, pikipiki nyingi ndogo zinataka pedali icheze milimita 20 hadi 30.

9. Rekebisha swichi ya taa ya breki: taa iwake kabla breki haijashika.

10. Mwisho, kimo. Ncha ya buti iingie chini ya pedali ya gia bila kuinua kisigino, na unyayo uifikie pedali ya breki bila kunyanyua paja.

MASWALI

Chuma_Dodoma: Mkuu sijasoma yote, mgongo unauma, nifunge za mbele?

Mwandishi: Aya ya tatu.

Mti_Mkavu: Fundi wangu amekata bomba na kuchomelea vikanyagio kwenye gadi ya injini, kazi safi, bei robo ya seti. Unatutisha bure.

Mwandishi: Breki na gia ziko wapi? Kama pedali zimebaki kati, hivyo ni vya kupumzishia miguu barabara ikiwa nyeupe, na ni sawa ikiwa gadi ni imara. Kama amechomelea pedali ya breki, siwezi kukuambia ni sawa. Pedali ikikatika inakatika siku umeikanyaga kwa nguvu zote.

Mti_Mkavu: Za kupumzishia tu.

Mwandishi: Basi sawa. Usizitumie mjini, mguu unachelewa kurudi kwenye breki.

Binti_Kihesa: Shikamoo mwalimu. Nina sentimita 158, natumia Kawasaki Vulcan S. Mguu unafika chini, ila pedali naifikia kwa ncha tu. Ninunue seti nyingine?

Mwandishi: Marahaba dada, usinunue kitu bado. Vulcan S imetoka kiwandani na nafasi tatu za vikanyagio: ya katikati, milimita 25 mbele yake na milimita 25 nyuma yake. Hakikisha chako kiko nafasi ya nyuma, na fimbo ya gia irekebishwe iendane nayo. Kama bado, tafuta siti ya Kawasaki ya watu wafupi, inakusogeza mbele. Ukimaliza rudia hatua ya 4, na ya 8 usiiruke.

Binti_Kihesa: Asante sana. Na kushuka mlima Kitonga, vikanyagio vya mbele havigusi lami kwenye kona?

Mwandishi: Swali zuri. Kinachoamua ni kimo chake na kinavyochomoza pembeni. Mabamba ndiyo huwahi kugusa, kwa sababu ni mapana. Kikanyagio chenye bawaba hukunjika kikigusa, kwa hiyo bawaba isiwe imeganda kwa kutu: tone la mafuta kila unapoosha. Kilichofungwa kigumu kinaweza kuinua gurudumu. Na shokapu za nyuma zilizolegea zinashusha kila kitu, hasa ukibeba abiria, kaza springi kwanza.

Kiboko_Muscat: Nilihamia mbele, sasa gia zinapanda vizuri ila kushuka inabidi nipige mara mbili.

Mwandishi: Hatua ya 7. Sogeza mkono wa gia jino moja kwenye shafti, kisha malizia kwa kuzungusha fimbo. Ncha zake mara nyingi moja ni ya nyuzi za kushoto, nyingine za kulia, hivyo huna haja ya kuifungua. Nyuzi zinazobaki ndani ya kila ncha zisiwe fupi kuliko unene wa fimbo.

Kiboko_Muscat: Jino moja limetosha. Buti za soli laini je? Mguu unateleza.

Mwandishi: Chagua soli ya mpira yenye kisigino cha wima. Kisigino ndicho kinachoshika kikanyagio cha mbele upepo ukisukuma.