Jinsi ya kusoma kiashiria cha soko la hisa: DSEI, TSI na wenzake

Kiashiria ni namba inayoonyesha bei za hisa za soko kwa jumla zinavyokwenda. Ukisikia DSEI, kiashiria cha Soko la Hisa la Dar es Salaam, imepanda kwa pointi 20, swali la kwanza ni hili: ishirini juu ya ngapi? Kiashiria kikiwa 2,000, hiyo ni asilimia 1. Kikiwa 40,000, kiwango ambacho Dow Jones ya Marekani ilikivuka mwaka 2024, pointi hizo hizo ni asilimia 0.05, kitu cha kupita bila kutazamwa. Kwa hiyo chukua namba ya leo, toa ya jana, gawanya kwa ya jana, zidisha kwa 100. Pointi za kiashiria kimoja hazilinganishwi na za kingine, maana kila kimoja kilianzia kwake: FTSE 100 ya London ilianza Januari 1984 ikiwa 1,000, NASI ya Nairobi ilianza 2008 ikiwa 100.

Swali la pili ndilo zito, na wengi huliruka: ndani yake mna kampuni gani? Soko la Hisa la Dar es Salaam lina viashiria vikuu viwili. DSEI inabeba kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama KCB na EABL. TSI inabeba za ndani tu: CRDB, NMB, TBL, Twiga, Vodacom na wenzao. Hisa za Kenya ni nadra kuuzwa Dar. Bei yake inafuata Nairobi, kisha inageuzwa kuwa shilingi za Tanzania. Matokeo yake DSEI inaweza kushuka siku ambayo hakuna hisa hata moja ya kampuni ya Tanzania iliyoshuka. Kama ulizonazo ni za CRDB na NMB, fuata TSI, na ukitaka kukaribia zaidi, fuata kiashiria cha sekta ya benki na fedha.

Hesabu yenyewe tuifanye kwa mfano. Tuseme soko lina kampuni tatu. A ina hisa milioni 500 kwa Sh 400, thamani Sh bilioni 200. B ina milioni 100 kwa Sh 800, bilioni 80. C ina milioni 20 kwa Sh 1,000, bilioni 20. Jumla, yaani ukubwa wa mtaji wa soko, ni bilioni 300. Kiashiria cha siku hiyo tunakiita 1,000, kwa hiyo kila pointi inasimama badala ya Sh milioni 300. Namba hiyo ndiyo kigawanyo.

Kesho A inapanda hadi 440, B haisogei, C inaanguka hadi 500. Jumla mpya ni 220 + 80 + 10, yaani bilioni 310. Gawanya kwa milioni 300: unapata 1,033.3. Kiashiria kimepanda asilimia 3.3, na mwenye hisa za C amepoteza nusu ya fedha yake.

Sasa pima siku ile ile kwa bei tupu, bila kuangalia idadi ya hisa, kama Dow Jones inavyofanya. Jana bei tatu zilikuwa jumla 2,200, leo ni 1,740. Kiashiria kimeanguka asilimia 20.9. Soko lile lile, siku ile ile. Kabla hujaamini namba yoyote, jua inapimwa kwa njia ipi.

Nairobi tofauti hii unaiona waziwazi. NSE 20 inatazama kampuni 20 bila kuzipa uzito kwa ukubwa, wakati NASI inapima kwa mtaji. Safaricom ina hisa takriban bilioni 40, hivyo shilingi moja ikiongezeka kwenye bei yake inaingiza KSh bilioni 40 ndani ya NASI. Ukiona NASI imepanda na NSE 20 imelala, anza kwa kutazama bei ya Safaricom.

Kampuni mpya ikiorodheshwa, kigawanyo lazima kibadilishwe. Kwenye mfano wetu, ikiingia D yenye thamani ya bilioni 100, jumla inakuwa bilioni 410, na kwa kigawanyo cha zamani kiashiria kingeruka hadi 1,366.7 ilhali hakuna aliyepata faida. Kwa hiyo bilioni 410 zinagawanywa kwa 1,033.3, kigawanyo kipya kinakuwa kama milioni 396.8, na kiashiria kinabaki pale pale. Ndiyo maana ukubwa wa mtaji wa soko unaweza kupanda sana bila DSEI kutikisika.

Kuna mtego mwingine, hasa kwenye masoko yetu madogo. Hisa ambayo haikuuzwa leo inaingia kwenye hesabu kwa bei yake ya mwisho, hata kama ni ya wiki tatu zilizopita. Kiashiria kilichotulia huenda hakina utulivu wowote. Hakuna tu aliyeuza. Basi soma pamoja na mauzo ya siku, na uangalie ni hisa ngapi za kampuni yako ziliuzwa.

Kutumia kiashiria kupima uwekezaji wako, andika tarehe ya kununua, bei, na TSI ya siku hiyo. Ukinunua kwa awamu, kila awamu iwe na mstari wake. Tuseme uliweka Sh 1,000,000 TSI ikiwa 4,000. Leo TSI ni 4,400, hisa zako zina thamani ya Sh 1,060,000, na umepokea gawio, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, la Sh 70,000. Usiseme umepata asilimia 13 dhidi ya 10 za soko. TSI inafuata bei tu, haihesabu gawio, na kampuni nyingine nazo zimelipa gawio. Linganisha bei kwa bei: 6 kwa 10. Uko nyuma kwa asilimia 4, na bado hujatoa kamisheni ya dalali.