Kiwele cha Mbuzi Aliyezaa: Namna ya Kutofautisha Uvimbe wa Kawaida na Ugonjwa

Mbuzi wa maziwa anapozaa, kiwele chake hubadilika sana ndani ya saa chache: damu nyingi huelekea huko, dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hujaa, na ngozi hutanuka hadi ikang'aa. Mfugaji mwenye Alpine au Toggenburg wawili watatu nyuma ya nyumba yake Dagoretti, Kangemi au Ruai jijini Nairobi huiona hali hiyo akashtuka, na mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kwenda agroveti kununua tyubu ya dawa. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio wa kinyume, yaani mkono, maziwa na kipimajoto vitangulie, kisha dawa ifuate ikihitajika. Tyubu inayoingizwa katika kiwele kizima humfanya mfugaji amwage maziwa bure, na ncha yake isiposafishwa vizuri hupeleka bakteria mahali ambapo hawakuwapo.

Mtazame kwanza mbuzi akiwa amesimama, ukiwa nyuma yake. Kiwele cha mbuzi kina pande mbili tu, kila upande una chuchu yake, na maziwa ya upande mmoja hayavuki kwenda wa pili. Kwa hiyo kulinganisha kulia na kushoto hukuonyesha mengi kabla hujatumia shilingi yoyote. Mwangalie pia anavyotembea, kwa sababu mbuzi anayechechemea mguu wa nyuma siku chache baada ya kuzaa, ilhali mguu wenyewe hauna jeraha, huenda anaukwepesha usiguse kiwele kinachouma.

Kisha nawa mikono na ushike. Uvimbe wa kawaida wa kuzaa huwa pande zote mbili, hauna joto la kupita kiasi, na ukiubonyeza kwa kidole hubaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. Mbuzi hula, maziwa yake ni safi, na uvimbe hupungua siku baada ya siku. Hali hii huwapata zaidi wanaozaa mara ya kwanza na wale wanaotoa maziwa mengi, na huzidishwa na chumvi pamoja na nafaka nyingi katika wiki za mwisho za mimba. Haihitaji antibayotiki. Mkamue kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, mkande kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kuelekea juu, na umwachie nafasi ya kutembea, jambo ambalo wafugaji wengi wa mjini husahau kwa kuwa mbuzi wao hushinda bandani tangu asubuhi hadi jioni.

Ikiwa upande mmoja tu umejaa na kukaza, usikimbilie kusema ni ugonjwa. Vitoto huzoea chuchu moja, hasa pale nyingine ilipo nene kuliko vinywa vyao, na upande ulioachwa hufurika. Pengine chuchu imezibwa na nta inayoifunga kabla ya kuzaa. Minya kwa nguvu ya wastani mpaka kizibo kitoke, lakini usichokonoe tundu kwa kijiti, sindano wala unyoya wa kuku, kwani jeraha la ndani ya chuchu ni mlango wa maradhi.

Baada ya mkono, yakague maziwa yenyewe. Kamua michirizi michache ya kwanza ya kila upande kwenye kikombe chenye rangi nyeusi, au juu ya kitambaa cheusi, na kamwe si sakafuni. Dang'a ni zito, la manjano, na hunata; uzito huo si dalili ya ugonjwa. Maziwa yenye rangi ya waridi katika siku za mwanzo mara nyingi hutokana na mishipa midogo iliyopasuka kwa shinikizo, na yakiwekwa kwenye glasi damu hutuama chini; hali hii hupona yenyewe iwapo mbuzi hana homa wala maumivu. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni mabonge, vipande kama vya maziwa yaliyoganda, usaha, au majimaji yasiyofanana na maziwa. Wenye kipimo cha California, yaani dawa inayochanganywa na maziwa ili kuonyesha wingi wa chembe za mwili ndani yake, wakumbuke kwamba dang'a hukipotosha, na kwamba mbuzi kwa maumbile yake huonyesha chembe nyingi kuliko ng'ombe, kwa hiyo alama hafifu pande zote mbili haina uzito, ilhali alama kali upande mmoja ina uzito mkubwa.

Mwisho pima joto kwa njia ya haja kubwa. Mbuzi mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 39.5 za Selsiasi, au zaidi kidogo jua linapokuwa kali. Joto likipita 40, upande mmoja ukiwa mgumu, moto na unauma, na maziwa yake yameharibika, huo ndio ugonjwa wa kiwele ambao wafugaji wengi huuita mastaitisi, na siku hiyo hiyo daktari wa mifugo aitwe.

Kabla hajafika, kamua upande ulioathirika hadi uishe, urudie kila baada ya saa chache, kwa kuwa kuondoa maziwa machafu ni nusu ya tiba. Anza na upande mzima, umalizie na ulio mgonjwa, kisha unawe mikono kabla ya kumgusa mbuzi mwingine. Maziwa hayo yamwagwe mbali na banda, wala yasipewe vitoto. Vitafutiwe dang'a la mbuzi mwingine, navyo vinahitaji kulinywa ndani ya saa za kwanza za maisha yao. Kama unaweza, chukua sampuli kabla ya dawa ya kwanza: futa ncha ya chuchu kwa spiriti, mwaga michirizi ya mwanzo, kamulia katika chupa safi iliyochemshwa, na uiweke kwenye barafu. Mkazi wa Nairobi ana bahati hapa, kwani maabara ya serikali ya mifugo na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi vyote viko Kabete. Tyubu nyingi zilizoko madukani zilitengenezewa ng'ombe. Daktari akiamuru itumike, ncha iingizwe kidogo tu, na tyubu moja isigawanywe kati ya pande mbili, hata kama ni ghali.

Kuna hali moja isiyosubiri asubuhi. Upande uliokuwa moto ukigeuka baridi, ngozi ikawa ya samawati kisha nyeusi, na kukitoka majimaji mekundu badala ya maziwa, nyama ya kiwele inakufa. Mara nyingi chanzo ni bakteria wa Staphylococcus aureus na sumu yao, na mbuzi anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Anahitaji dawa za sindano, za maumivu na maji mwilini kutoka kwa daktari; tyubu peke yake haitoshi. Akinusurika, sehemu iliyokufa hujitenga na kudondoka kwa wiki kadhaa, na kidonda hicho kisafishwe na kulindwa dhidi ya nzi. Upande wa pili unaweza kuendelea kutoa maziwa.

Kinyume chake ni kiwele kigumu pande zote mbili tangu siku ya kuzaa, kisicho na joto wala maumivu, na chenye maziwa machache sana ingawa ni safi. Hapo mshukiwa ni virusi vya CAE (vya ugonjwa wa mbuzi wa kuvimba viungo na ubongo), ambavyo havina tiba na huambukiza vitoto kupitia dang'a na maziwa. Pima damu kabla ya kuweka kitoto chochote cha mbuzi huyo kuwa mbegu. Vidonda vyenye magamba kwenye chuchu, pamoja na vingine midomoni mwa vitoto, huelekea kuwa ugonjwa wa orf, ambao humpata binadamu pia, kwa hiyo vaa glavu.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ndio mgumu zaidi, kwa sababu matope huingia hadi kwenye malalo. Banda lililoinuliwa lenye sakafu ya mbao zilizoachana husaidia kuliko dawa nyingi. Kila baada ya kukamua, chovya chuchu katika dawa ya ayodini, kisha mpe mbuzi chakula ili asimame kama nusu saa, tundu la chuchu lijifunge kabla hajalala.

Wateja wa maziwa ya mbuzi mjini mara nyingi ni majirani wenye watoto wadogo. Soma kwenye kibandiko cha dawa siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho kabla maziwa hayajanywewa, na kama dawa haikuandikiwa mbuzi, muulize daktari akupe idadi ya siku kwa maandishi. Upande uliorudia kuugua mara kadhaa na kubaki na vinundu usitegemewe tena. Mjulishe daktari takriban miezi miwili kabla ya uzao ujao, wakati wa kumkausha mbuzi, yaani kuacha kumkamua, aamue kama mbuzi atatibiwa hapo au ataondolewa katika kundi.